Sindano Mpya au Mashine Mpya? Mwongozo Kamili kwa Mwenye Santuri Aliyeko Dodoma

Mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Makole aliniita siku moja. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba na hapo hapo akaingia kwenye shida yake: "Mwanangu, mashine yangu ya santuri imezeeka, inaimba kama ina mafua. Nikupe hela, ukienda Dar uniletee mpya." Nikaomba kuiona kwanza. Ilikuwa imekaa juu ya sabufa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwenye ncha ya sindano kulikuwa na kifundo cha vumbi kama pamba iliyochambuliwa. Tuliisafisha sindano kwa brashi, tukaihamishia mashine kwenye meza ya mninga iliyokuwa pembeni, tukaupanga mkono upya. Mafua yakaisha. Hela yake ilibaki mfukoni, na mimi nikanywa chai.

Rafiki yangu wa mtaa wa Kisasa yeye alikuwa na mashine inayong'aa kama gari la harusi, ameletewa na ndugu yake kutoka Marekani. Huyo nilimwambia aiuze, na nikimaliza kueleza habari ya umeme utaona sababu.

Tangu hapo nimejizoesha kuiangalia mashine ya santuri kama mtu na mavazi yake. Mifupa ni mota, beringi inayobeba sahani (ile bapa inayozunguka na santuri), na mkono unaoshika sindano. Mavazi ni sindano, katriji (kile kichwa kidogo kinachobeba sindano), belti, waya, na tandiko la sahani. Mavazi huchakaa na hubadilishwa bila msiba. Mifupa ikiwa mibovu, kila shilingi unayoitia kwenye mavazi imepotea. Hatua zinazofuata zimepangwa ili ujue una mifupa ya aina gani kabla hujatoa hela, na mpangilio wake una maana. Ukianza na ya tano utanunua sindano ya mashine ambayo ungeitupa kwenye ya pili.

Hatua ya 1: Usiihukumu mashine ikiwa chafu

Wanaoishi pwani hawalijui vumbi letu. Kuanzia Juni, upepo wa Dodoma ukishika kasi, vumbi jekundu hupita hata chini ya mlango uliofungwa, na hewa inakuwa kavu kiasi kwamba santuri ikitoka kwenye mfuko wake inanasa kila unyoya uliomo chumbani. Ukavu huo ndio unaoleta ile milio midogo ya "tak, tak" ambayo watu huidhania mikwaruzo.

Anza na sindano. Chukua brashi ndogo laini na upige mswaki kutoka nyuma kuja mbele, yaani kuelekea kwako, kwa uelekeo ule ule santuri inaopita chini yake. Usipige kwa upande, na usirudishe brashi nyuma, maana kile kijiti kinachoshika almasi ni chembamba kuliko kijiti cha kiberiti mara nyingi na kinapinda kwa urahisi. Kidole usikitumie kabisa.

Kisha santuri yenyewe. Maji ya visima vya huku yana chumvi; yaache yakauke kwenye glasi uone ule ukungu mweupe yanaouacha. Ukungu huo ukikauka ndani ya mifereji ya santuri utausikia. Tumia maji ya kuongezea betri yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari, lakini soma lebo mara mbili, kwa sababu rafu hiyo hiyo huwa na chupa ya asidi inayofanana nayo. Tia tone moja la sabuni laini ya maji, futa kwa kitambaa laini kwa kufuata mzunguko, suuza, simamisha ikauke kivulini. Lebo ya katikati isilowe.

Kama una zile santuri nzito za 78 (mizunguko 78 kwa dakika) zinazovunjika kama kigae, usizipake spiriti hata tone. Hazikutengenezwa kwa vinaili. Nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu unaoitwa shelaki, na spiriti huuyeyusha. Nimeshuhudia mtu "akisafisha" santuri ya babu yake hadi mifereji ikageuka uji.

Mwisho ni mahali pa kuweka mashine. Meza iwe nzito, imelala sawa (programu ya pimamaji kwenye simu inatosha), na isiguse sabufa wala spika. Sabufa ikitikisa meza, sindano haijui kwamba huo ni mtikisiko wa meza. Inaupokea kama muziki, inaupeleka kwenye amplifaya, nao unarudi kwa sabufa ukiwa na nguvu zaidi, mpaka chumba kizima kinavuma. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji, na hiyo ni neema. Weka pia mbali na dirisha linalopigwa na jua la saa nane: vinaili hupinda kabla hujamaliza kunywa soda.

Sikiliza tena baada ya haya yote. Nusu ya malalamiko huishia hapa.

Hatua ya 2: Soma kibati cha nyuma

Geuza mashine, tafuta kile kibati au karatasi iliyoandikwa volti na hezi (Hz, mara ambazo umeme hugeuka na kurudi kwa sekunde). Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Kibati kikisema 220–240 V, 50 Hz, songa mbele. Kama mashine inatumia adapta ndogo inayotoa volti 12 za umeme wa DC, kama nyingi za kisasa, pia huna shida. Hata adapta ikifa unapata nyingine mjini.

Tatizo ni kibati kinachosema 120 V, 60 Hz. Hapa ndipo rafiki yangu wa Kisasa alipoumia. Alipewa ushauri wa kununua transfoma ya kushusha umeme, akainunua, mashine ikawaka, taa ikawa nzuri, na mwimbaji akaanza kuimba kama mtu aliyeamshwa saa tisa usiku. Transfoma inashusha volti tu. Hezi haizigusi. Mashine nyingi za zamani zenye mota ya umeme wa AC (ule wa ukutani) hupata mwendo wake kutokana na hezi za umeme wenyewe, kwa hiyo mota iliyoundwa kwa hezi 60 ikilishwa 50 inazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake. Badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika unapata takriban 27.8. Upande wa dakika 20 unachukua dakika 24, na kila sauti inashuka kwa karibu nusu-toni tatu.

Baadhi ya mashine hizo zina puli (kigurudumu kidogo kwenye mota) ya kubadilisha, na ukiipata puli ya hezi 50 tatizo limekwisha. Kuipata ndiyo kazi. Usikubali fundi akufungie utepe kwenye puli ili kuinenepesha. Itakimbia sawa kwa wiki moja kisha itaanza kuyumba.

Mashine ambazo mota yake inaendeshwa na saketi ya ndani, zikiwemo zile ambazo mota inazungusha sahani moja kwa moja bila belti, hazijali hezi. Technics SL-1200MK2, iliyotoka 1979 na ikawa mashine ya madijei dunia nzima, ni mfano: ikitoka Marekani inahitaji transfoma ya volti tu, mwendo unabaki ule ule. Kwa hiyo usiiogope kila mashine ya Marekani; uliza mota yake ni ya namna gani.

Hatua ya 3: Hesabu mizunguko

Huhitaji kifaa cha kununua. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ukingo wa sahani, weka santuri, shusha sindano (mzigo wa sindano nao hupunguza mwendo, kwa hiyo usipime sahani tupu), washa saa ya kupimia ya simu. Kwa mwendo wa 33⅓, mizunguko 100 inatakiwa kuisha kwa sekunde 180 kamili. Kwa mwendo wa 45, mizunguko 90 kwa sekunde 120.

Kila sekunde 1.8 ya tofauti katika ile 180 ni kosa la asilimia moja. Mimi nikipata kati ya 178 na 182 siendelei kuumiza kichwa. Ikifika 185 au zaidi, mashine inachelewa na sababu karibu kila mara ni mojawapo ya hizi: belti imelegea, grisi imeganda kwenye beringi, au ile gurudumu ya mpira kwenye mashine za zamani zisizo na belti imekauka. Yote ni mavazi, hayatoshi kuifukuza mashine.

Kuna kasoro nyingine ambayo saa haiioni: mwendo wa kuyumba. Weka santuri yenye piano au filimbi ndefu. Sauti ikipanda na kushuka kama inatetemeka, kwanza hakikisha tundu la santuri liko katikati sawasawa, kwa kuwa baadhi ya santuri za 45 za zamani zina tundu lililoenda kando kidogo. Jaribu santuri tatu tofauti. Zikitetemeka zote, ni mashine.

Belti unaipima kwa uzi: zungusha uzi mahali belti inapopita, ukate, upime. Belti mpya iwe fupi kuliko uzi huo kwa asilimia 5 hadi 10. Kabla hujanunua, osha ile ya zamani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na ufute puli kwa spiriti. Mara nyingine ni mafuta tu yanayoteleza. Lastiki ya fundi cherehani haifai. Ina maungio, na kila maungio yakipita kwenye puli utayasikia.

Hatua ya 4: Pima mifupa

Hapa chukua muda wako. Zima, chomoa kwenye soketi.

Beringi ya sahani kwanza. Kwa mashine ya belti, toa belti, zungusha sahani kwa mkono kisha uiachie. Inatakiwa iendelee kuzunguka yenyewe kwa muda na ipunguze mwendo polepole, bila kukwama ghafla. Weka sikio karibu: mlio wa kusaga ni habari mbaya, ukimya ni habari njema. Shika ukingo wa sahani pande mbili utikise kama unavyotikisa gurudumu la gari. Mchezo mdogo sana ni kawaida. Sahani ikigonga "kok, kok" beringi imeliwa. Beringi iliyokauka tu huponywa kwa kufutwa grisi ya zamani na kutiwa matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi, na yale ya kupuliza ya kulegeza nati hukauka upesi. Beringi iliyoliwa haiponi, na kuchongesha nyingine kunagharimu kuliko mashine yenyewe.

Kisha mkono. Kama mkono una jiwe la nyuma la kusawazisha, lisogeze mpaka mkono uelee hewani kama mizani iliyotulia. Puliza taratibu. Mkono mzima husogea kwa pumzi ndogo na haukwami popote katika safari yake kutoka nje hadi karibu na lebo. Ukikwama sehemu moja kila mara, angalia kama ni waya mwembamba unaovuta kabla ya kulaumu beringi. Halafu shika kichwa cha mkono kwa vidole viwili, ubembeleze kushoto-kulia na juu-chini. Ukisikia ulegevu kama jino linalotaka kung'oka, mkono umekufa. Mkono mbovu unakula santuri hata ukiuvalisha sindano ya bei gani.

Mota mwisho. Chomeka tena kwenye soketi, uiguse ikiwa inazunguka, kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, mpini ukiwa sikioni, ncha ikiwa kwenye mwili wa mota na mbali na waya wowote wa umeme. Kama hujazoea kufungua vitu vya umeme, muachie fundi redio hatua hii. Mota inayovuma kidogo inaweza kuwa mipira yake ya kuning'inia imekauka. Mota inayokwaruza ni ya kubadilisha, na mota ya mashine ya mwaka 1976 huipati Majengo wala Sabasaba.

Mashine zinazojirudisha zenyewe mwisho wa santuri zina magurudumu mengi ya plastiki chini, yamepakwa grisi ambayo baada ya miaka arobaini inakuwa kama nta. Mkono unakwama katikati na mwenyewe anasema mashine imekufa. Haijafa, imeganda. Fundi mvumilivu anaisafisha kwa siku moja.

Hatua ya 5: Sindano, mahali pa kuweka hela yako ya kwanza

Mifupa ikishinda mtihani, hela ya kwanza iende hapa. Almasi ya sindano hudumu kwa saa 500 hadi 1,000 za kucheza kutegemea aina na usafi wa santuri. Ukisikiliza nusu saa kila jioni, saa 500 zinaisha kwa chini kidogo ya miaka mitatu. Mtu akikwambia sindano yake ni ile ile ya marehemu baba, usimkopeshe santuri.

Dalili ya sindano iliyokwisha ni herufi "s" za mwimbaji kugeuka "sh" chafu, hasa nyimbo za mwisho wa upande, karibu na lebo, ambako mfereji umebana zaidi. Lenzi ya sonara itakuonyesha kama kijiti kimepinda au almasi imeng'oka. Haitakuonyesha almasi iliyolika, hiyo inataka darubini ya maabara. Kwa hiyo kama hujui umri wa sindano, ihesabu imekwisha. Sindano mbovu inachonga mfereji upya, na hakuna sabuni wala fundi anayerudisha kilichochongwa. Santuri nyingi za dansi tulizonazo hazitachapwa tena; wimbo mmoja umegawanywa sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, na sebene lenyewe liko upande wa pili. Ukiuharibu upande huo umeuharibu wimbo.

Katriji nyingi nzuri zinakuruhusu kupandisha hadhi kwa sindano peke yake. Familia ya Audio-Technica VM95 ina mwili mmoja wenye sindano za aina nyingi, kuanzia ya duara ya bei nafuu hadi zile zilizochongwa nyembamba, na ipo hadi ya santuri za 78. Ortofon 2M Red inavaa sindano ya 2M Blue bila kubadilisha kitu kingine. Ukianza na katriji ya namna hii umejiwekea ngazi ya kupanda taratibu.

Kabla ya kuagiza, angalia katriji yako imefungwaje. Skrubu mbili zenye umbali wa milimita 12.7 kati yake ndiyo kawaida na dunia nzima iko wazi kwako. Ikiwa inachomekwa kama plagi yenye pini nne na skrubu moja pembeni, hiyo ni familia nyingine, usichanganye. Na kama katriji ni kipande kimoja na mkono wa plastiki, ubadilishaji wako unaishia kwenye sindano.

Mwenye santuri za 78 anahitaji sindano nene zaidi, mikroni 65 hadi 75 hivi, wakati ya santuri za kawaida ni karibu 18. Sindano nyembamba kwenye mfereji wa 78 inaburuzika sakafuni na kuokota kelele tu.

Hatua ya 6: Upange mkono kwa gramu

Kila sindano ina uzito wake, umeandikwa kwenye karatasi yake: VM95E ni gramu 2.0, 2M Red ni 1.8. Watu hudhani uzito mdogo ndio unaotunza santuri. Sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta, na inaharibu kuliko iliyozidi kidogo.

Sawazisha mkono uelee, rudisha namba ya jiwe kwenye sifuri bila kuzungusha jiwe lenyewe, kisha zungusha jiwe mpaka gramu zinazotakiwa. Mizani ndogo ya kidijitali ya wauza vito na dhahabu inathibitisha vizuri zaidi, ila sahani yake isiwe ya chuma kinachovutwa na sumaku; katriji ina sumaku ndani na itajivuta chini, usome uzito wa uongo. Kile kitufe cha kuzuia mkono kuvutwa ndani kiweke namba sawa na gramu.

Pembe ya katriji unaipanga kwa karatasi ya kupimia inayopatikana bure intaneti. Steshenari wakikuchapia, waambie wasipunguze ukubwa, na ukifika nyumbani pima mstari wa majaribio kwa rula. Karatasi iliyopungua milimita mbili itakupotosha kabisa. Skrubu zikaze taratibu. Kuhusu waya nne ndogo: nyeupe na bluu ni kushoto, nyekundu na kijani ni kulia.

Hatua ya 7: Fuata waya mpaka kwenye sabufa

Nyumba nyingi za hapa hazina amplifaya ya zamani yenye tundu la kuchomeka mashine ya santuri. Kuna sabufa, ina AUX, basi. Ukichomeka mashine hapo moja kwa moja unapata sauti ya mbu: nyembamba, kali, haina besi. Wengi hununua mashine nyingine kwa sababu hiyo, na nyingine nayo inaimba kama mbu.

Katriji ya sumaku inatoa milivolti chache tu, nne au tano hivi, wakati AUX inasubiri mamia. Zaidi ya hapo, santuri huchongwa ikiwa imepunguzwa besi na kuongezwa sauti kali, kwa kanuni ya RIAA (chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani) iliyokubaliwa huko mwaka 1954, na lazima kitu fulani kirudishe mambo yalivyokuwa. Kitu hicho ni pri-amplifaya ya santuri, kisanduku kidogo kama pakiti ya sigara. Mashine nyingi mpya zinayo ndani na swichi nyuma. Kama yako haina, kisanduku hicho ni maendeleo makubwa kuliko mashine mpya.

Mvumo wa "mmmm" usiokoma karibu kila mara ni waya wa ethi ambao haujafungwa. Ni ule mwembamba wenye kidole cha chuma, unafungwa kwenye skrubu ya pri-amplifaya. Upande mmoja ukiwa kimya, badilisha plagi nyekundu na nyeupe kwenye amplifaya: ukimya ukihamia upande mwingine, kosa liko kwenye mashine, ukibaki pale pale, kosa ni la amplifaya au spika. Likiwa la mashine, mara nyingi ni pini chafu tu nyuma ya katriji.

Hatua ya 8: Sasa amua

Chukua karatasi. Andika gharama za mavazi yote unayohitaji: sindano, belti, kisanduku, fundi, na nauli ya mzigo kutoka Kariakoo. Upande wa pili andika bei ya mashine ambayo kweli ingekuwa bora kuliko uliyonayo, pamoja na usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kama unaagiza nje. Kanuni yangu ya kienyeji: mifupa ikiwa mizima na mavazi hayazidi nusu ya upande wa pili, baki na yako. Linganisha na mashine bora kweli, maana wengi wanatoka kwenye Pioneer au Dual ya miaka ya sabini yenye sahani nzito wanaingia kwenye sanduku la plastiki kwa kuwa ni jipya na lina Bluetooth. Huko ni kuuza ng'ombe ununue picha ya ng'ombe.

Hilo sanduku lenye spika ndani nalisemea waziwazi. Kawaida lina katriji ya kauri inayotaka uzito wa gramu nne au tano, mkono mwepesi usio na jiwe, na spika zinazotikisa sindano ile ile. Usiliongezee chochote zaidi ya sindano mpya. Kama unalipenda, lichezee santuri za bei rahisi huku ukidunduliza.

Mashine ndogo za kujiendesha kama Audio-Technica AT-LP60X ziko katikati: ni salama kwa santuri, rahisi kwa familia, lakini katriji haibadilishiki na mkono haupangiki. Zitunze hivyo hivyo, badilisha sindano kwa wakati. Ukitaka kupanda kutoka hapo utabadilisha mashine nzima, hakuna njia ya mkato.

Mashine kuukuu za BSR na Garrard zenye mwendo nne hadi wa 78 zina kelele na mkono mzito, na kwa santuri zako nzuri sikushauri. Lakini kama una za 78, ibakize kwa kazi hiyo. Redio za kabati zenye gramafoni ndani, zile za sebuleni kwa wazee wa Mpwapwa na Kondoa, usizichokonoe kutoa vipuri. Tengeneza, au acha ilivyo.

Badilisha mashine bila majuto endapo beringi imeliwa, mkono umelegea, mota ya hezi 60 haina puli, au sindano yake haitengenezwi tena na kampuni yoyote.

Ukinunua

Dai vitu vitano: umeme wa 230 V hezi 50 au adapta, jiwe la kusawazisha, katriji ya skrubu mbili, sindano inayopatikana, na sahani isiyo ya plastiki nyepesi. Bluetooth isikushawishi wala kukukatisha tamaa. Ukinunua iliyotumika, nenda na santuri yako unayoijua kila kona, hesabu ile mizunguko 100 mbele ya muuzaji, na puliza mkono. Muuzaji atakucheka. Mwache acheke.

Safari kutoka Dar ndiyo inayoua mashine nyingi, iwe kwa basi au kwa treni. Sahani iondolewe na ifungwe peke yake chini ya boksi, jiwe la nyuma litolewe, mkono ufungwe kwa uzi laini, kifuniko cha sindano kivishwe. Sahani ikiachwa juu ya beringi, kila tuta kutoka Chalinze hadi Gairo ni nyundo. Niliwahi kupokea mashine iliyofungwa kwa haraka namna hiyo. Mhimili ulikuwa umepinda, ikawa mapambo ya kabati.

Ikishakaa mezani kwako, geuza upande wa chini uandike kwa penseli tarehe uliyoweka sindano. Miaka mitatu ijayo hutakumbuka, na mtoto wako atakayeirithi hatakuwa na wa kumuuliza.